Ukuta uchukue haki yake tu: mwongozo kamili wa mgongano wa mchezaji na ukuta katika gemu

Chukudu ya gemu yangu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ilikuwa inashuka uchochoro wa Birere, mtaa wa Goma, magunia mawili ya makala (mkaa) juu yake, na mdogo wangu ameshika vitufe viwili kwa pamoja: kulia na chini. Ubavu wa chukudu ukagusa ukuta wa mawe meusi. Ikasimama papo hapo. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa nguvu zaidi, chukudu ikatetemeka tu pale pale kama mbuzi aliyefungwa kamba. "Yaya, ukuta inanikamata," akaniambia mimi mkubwa wake, akanirudishia kompyuta, akatoka nje kucheza.

Alikuwa na haki. Anayesukuma chukudu ya kweli hapa Goma akigusa ukuta kwa ubavu hasimami. Mbao inakwaruza, usukani unatikisika, anapoteza mwendo kidogo, anaendelea na safari yake. Ili asimame kabisa ni lazima aukabili ukuta uso kwa uso. Kuta zetu nyingi zimejengwa kwa mawe ya volkano, hasa tangu lava ya Nyiragongo ilipokatiza katikati ya mji Januari 2002, na hazina upole kwa mbao wala kwa ngozi. Hata hivyo hazimkamati mtu. Zinamzuia kuingia ndani, basi.

Kazi yote ya mgongano wa mchezaji na ukuta iko hapo. Ukuta una haki ya sehemu moja tu ya mwendo, ile inayoelekea ndani yake. Sehemu iliyobaki ni mali ya mchezaji, na msimbo unaomnyang'anya unamdhulumu. Nitaonyesha namna ya kulijenga jambo hili kuanzia mwanzo, kwa gemu inayoonekana kutoka juu. Ukitengeneza gemu ya kuruka inayoonekana kwa ubavu, hesabu ni ile ile. Misimbo nimeiandika kwa Kiswahili ili uihamishie kwenye lugha yoyote ya programu unayotumia.

Hatua ya 1: Jenga chumba cha majaribio

Usirekebishe mgongano ndani ya ramani yako nzuri yenye maduka na miti. Tengeneza chumba kitupu chenye vitu hivi: ukuta mrefu ulionyooka, kona ya ndani, kona ya nje, ukuta wa mshazari, kuta mbili zinazobanana kama mdomo wa faneli, na mlango mwembamba kidogo kuliko unavyodhani unatosha. Weka kitufe kimoja cha kuchora maumbo ya mgongano juu ya picha kwa mstari mwekundu, na kingine cha kupunguza kasi ya gemu hadi moja ya kumi.

Kazi hii inachukua nusu saa, na nakusihi usiiruke. Nilikaa siku tatu nikihangaika na hitilafu ambayo mistari myekundu ingenionyesha kwa dakika moja: umbo la mgongano lilikuwa limesogea pikseli 5 kulia kwa picha. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mahali chukudu ilipodhani ipo.

Hatua ya 2: Umbo la mchezaji lisifuate picha yake

Chukudu ina usukani wenye mikono miwili iliyotoka nje kama pembe za ng'ombe. Mwanzoni nilizungushia picha nzima mstatili, pembe zikiwemo. Matokeo yake usukani ukawa unanasa kwenye kila kizingiti, na mchezaji haoni kilichomzuia, kwa sababu macho yake yako kwenye ubao na magurudumu. Umbo la mgongano libebe kiwiliwili tu. Usukani ukipenya ukutani pikseli 3 hakuna atakayelalamika, lakini akizuiwa na hewa atalalamika.

Jambo la pili: usizungushe mstatili. Chukudu iliyosimama sambamba na ukuta ikigeuka, kona ya mstatili wake inaingia ndani ya ukuta bila chukudu kusogea hata kidogo, na hapo msimbo unaitupa nje kwa mshtuko. Ama tumia mraba usiogeuka hata picha ikigeuka, ama tumia duara, ambalo halina kona za kuingiza popote. Mimi nilianza na mraba wa pikseli 24, kisha nikahamia duara la kipenyo hicho hicho. Ramani yako ikiwa na kuta za mlalo na za wima tu, mraba unatosha na hesabu yake ni nyepesi.

Hatua ya 3: Tenganisha mlalo na wima

Kosa lililomkera mdogo wangu ndilo wanaloanza nalo wengi. Msimbo ulisogeza chukudu kulia na chini kwa mara moja, ukaona imegusa ukuta, ukairudisha ilikokuwa. Ukuta ulikuwa upande wa kulia, lakini adhabu ikaangukia pia mwendo wa kwenda chini, ambao haukuwa na hatia.

Dawa ni kusogeza kwa awamu mbili. Kwanza mlalo peke yake, kagua, rekebisha. Kisha wima peke yake, kagua, rekebisha.

```
sogea = kasi.x * dt
nafasi.x += sogea
kwa kila ukuta unaogusana na mchezaji:
    kama sogea > 0: nafasi.x = ukuta.kushoto - nusu_upana
    kama sogea < 0: nafasi.x = ukuta.kulia + nusu_upana
    kasi.x = 0
```

Hapo dt ni muda wa hatua moja, kwa sekunde. Rudia yale yale kwa y, ukitumia juu na chini ya ukuta. Angalia kwamba hatumrudishi mchezaji alikotoka. Tunamsogeza mpaka aguse uso wa ukuta. Ukimrudisha alikotoka, atasimama pikseli 2 au 3 kabla ya ukuta, na pengo hilo litabadilika kila mara kulingana na kasi yake. Jicho linaliona.

Mara nyingi hatua hii peke yake inamaliza malalamiko. Ukimwona mchezaji wako anateleza vizuri pembeni mwa ukuta akiwa ameshika vitufe viwili, umefika mbali. Wakati uko hapo, hakikisha vitufe viwili kwa pamoja havimpi mwendo wa mara 1.41: gawanya mwelekeo kwa urefu wake kabla ya kuuzidisha kwa kasi.

Hatua ya 4: Kuta za mshazari

Vichochoro vyetu havikupimwa kwa rula. Ukishaweka ukuta wa mshazari, mlalo na wima havitoshi, na lazima tuulize ukuta wenyewe umeelekea wapi.

Kila ukuta una mshale unaotoka kwenye uso wake kwa pembe mraba, wenye urefu wa 1, ukielekea upande aliko mchezaji. Tuuite n. Ukichukua zao skala la kasi na n (x mara x, y mara y, kisha jumlisha) unapata namba moja. Ikiwa hasi, mchezaji anaingia ukutani, na ukubwa wa namba hiyo ni kiasi cha mwendo anachoingia nacho. Hicho ndicho haki ya ukuta. Kiondoe, na kilichobaki ni mtelezo wa pembeni mwa ukuta.

Tuchukue namba. Chukudu inaenda kulia kwa pikseli 100 kwa sekunde, kasi ni (100, 0). Ukuta wa mshazari una n ya (-0.6, -0.8), yaani umeelekea kushoto na juu, tukikumbuka kwamba kwenye skrini y huongezeka kwenda chini. Zao ni 100 × -0.6 + 0 × -0.8 = -60. Tunatoa n mara -60 kutoka kwenye kasi: 100 - 36 = 64, na 0 - 48 = -48. Kasi mpya ni (64, -48). Chukudu inapanda kandokando ya ukuta kwa mwendo wa 80. Imepoteza 20 kati ya 100, na mkono wa mchezaji unahisi kwamba ni sawa, maana ndivyo mbao inavyofanya kwenye jiwe.

Kwa duara, msimbo ni huu:

```
karibu = nukta ya ukuta iliyo karibu zaidi na kitovu
d = kitovu - karibu
kama urefu(d) < nusukipenyo:
    n = d / urefu(d)
    kitovu += n * (nusukipenyo - urefu(d))
    ndani = zao(kasi, n)
    kama ndani < 0:
        kasi -= n * ndani
```

Mstari wa "kama ndani < 0" usiufute hata siku moja. Bila huo, mchezaji anayejaribu kuondoka ukutani naye anakatwa mwendo wake wa kuondoka, na ukuta unageuka gundi. Linda pia urefu wa sifuri: kitovu kikianguka juu kabisa ya mstari wa ukuta, utagawanya kwa sifuri na chukudu itatoweka kwenye ramani.

Uzuri wa duara unaonekana kwenye kona ya nje. Nukta iliyo karibu zaidi ni ncha ya ukuta yenyewe, n inageuka polepole kadiri duara linavyopita, na chukudu inaizunguka kona kana kwamba imeviringwa. Hukuandika mstari hata mmoja wa ziada kwa ajili ya hilo.

Hatua ya 5: Kona ya ndani, mahali pa kutetemeka

Hapa ndipo gemu nyingi za wanaoanza zinapojulikana. Chukudu inaingia kwenye mdomo wa faneli. Ukuta wa kushoto unaisukuma kulia, inaingia kwenye ukuta wa kulia, huo unairudisha kushoto, fremu (picha moja ya gemu) inayofuata mambo ni yale yale. Kwenye skrini inaonekana inatetemeka kama mgonjwa wa homa.

Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, rudia ukaguzi mara kadhaa ndani ya hatua moja, si mara moja tu, kwa sababu kusahihisha ukuta mmoja kunaweza kukuingiza kwenye mwingine. Mara 4 zinatosha. Pili, weka akilini kasi aliyoitaka mchezaji mwanzoni mwa hatua. Baada ya kuta zote kuchukua chao, linganisha kasi iliyobaki na ile ya mwanzo kwa zao skala. Likiwa sifuri au hasi, maana yake kuta zimeanza kumrudisha mchezaji kinyume na alikotaka kwenda. Hapo weka kasi kuwa sifuri, asimame.

Mbinu hii ni ya zamani. Gemu ya Quake ya mwaka 1996 inafanya hivyo hivyo: inajaribu mara 4, na kasi ikigeukia kinyume na ile ya mwanzo inasimamisha kila kitu ili kuzuia mtetemo kwenye kona. Msimbo wake uliachiwa wazi mwaka 1999 chini ya leseni ya GPL, kwa hiyo yeyote anaweza kuusoma. Mimi niliusoma usiku mmoja, na mtetemo wa faneli yangu ukaisha kwa mistari mitatu.

Hatua ya 6: Kupenya ukuta

Gemu ilikuwa inakwenda vizuri mchana kutwa. Jioni umeme ukakatika, nikaendelea kwa betri, na chukudu ikaanza kupita ndani ya kuta kama pepo. Sikuwa nimebadilisha herufi moja.

Kompyuta ikiwa kwenye betri ilijipunguzia nguvu, na fremu zikashuka kutoka 60 hadi kama 20 kwa sekunde. Chukudu ilikuwa na kasi ya pikseli 300 kwa sekunde. Kwa fremu 60, kila hatua ni pikseli 5. Kwa fremu 20, ni pikseli 15. Nusukipenyo cha duara langu ni 12. Unaona kilichotokea: ndani ya hatua moja kitovu kiliruka mstari wa ukuta, na msimbo wa hatua ya 4, kwa uaminifu wake wote, ukaisukuma chukudu itoke upande wa pili.

Kwa hiyo usiache fremu za picha ziamue hatua za mgongano. Weka hatua ya kudumu:

```
akiba += muda_wa_fremu   (usizidi 0.25)
wakati akiba >= 1/60:
    songesha(1/60)
    akiba -= 1/60
```

Kompyuta dhaifu itachora picha chache, lakini mgongano utakaguliwa mara 60 kwa sekunde vile vile. Kikomo cha sekunde 0.25 kinazuia janga jingine: kompyuta ikikwama kwa sekunde kadhaa, isije ikajaribu kulipa deni lote la hatua kwa mara moja na kukwama zaidi.

Kisha fikiria mteremko. Chukudu yangu ikishuka kilima hufika pikseli 1,200 kwa sekunde, na hata kwa hatua ya kudumu hizo ni pikseli 20, zaidi ya 12. Hapo gawanya hatua: kusiwe na kipande kinachozidi nusu ya nusukipenyo, yaani pikseli 6. Pikseli 20 zinakuwa vipande 4, kila kimoja kinakaguliwa. Ziko njia za hesabu zinazotafuta wakati hasa duara linapogusa ukuta, na kwa risasi utazihitaji. Kwa mtu anayetembea au anayesukuma chukudu, vipande vinatosha na ni rahisi kuvirekebisha.

Gemu yako ijaribu ikiwa kwenye betri, kwenye kompyuta mbaya kuliko zote unazoweza kuazima. Wachezaji wa kwetu ndizo walizo nazo.

Hatua ya 7: Pengo jembamba kama karatasi

Namba za desimali za kompyuta si kamilifu. Ukimweka mchezaji agusane kabisa na ukuta, fremu inayofuata mara anahesabiwa yuko nje, mara yuko ndani. Acha pengo dogo kati yake na ukuta, kwa mfano pikseli 0.05. Jicho halilioni.

Usilifanye dogo kupita kiasi. Ramani ikiwa kubwa na mchezaji yuko kwenye pikseli ya 100,000, namba ya desimali ya biti 32 inaruka kwa vipande vya takriban 0.008. Pengo la 0.001 linamezwa hapo, na hitilafu itatokea mwisho wa ramani tu, mahali usipopajaribu mara nyingi.

Hatua ya 8: Mishono ya vigae

Mwashi mzuri wa Goma akipanga mawe, anajaza mishono kwa saruji ili mkono ukipita usinase. Ukuta wa gemu uliopangwa kwa vigae, vipande vya mraba vya pikseli 32, una mishono ambayo huioni. Chukudu inateleza kwenye ukuta ulionyooka kabisa, ghafla inashtuka na kusimama. Imejikwaa kwenye ubavu wa kigae kinachofuata, ubavu ambao umezikwa ndani ya ukuta na haukupaswa kugusana na mtu.

Tiba bora ni kuunganisha vigae vilivyo kwenye mstari mmoja viwe mstatili mmoja mrefu wakati ramani inapofunguliwa. Vigae 40 vya ukuta mmoja vinakuwa umbo moja, mishono imekwisha, na kompyuta inapumzika pia. Usipoweza, panga migongano ushughulikie kwanza ule wa karibu zaidi, na upuuze nyuso zote zenye kigae kingine jirani.

Hatua ya 9: Msaidie anayetaka kupita mlangoni

Mlango wa pikseli 32, duara la 24. Kwa hesabu anapita. Kwa vidole, mtu anayekimbia anagonga kizingiti mara nne kabla ya kufanikiwa, na kila mara anaona ameonewa. Basi angalia: kama anasukuma moja kwa moja kuelekea ukutani, na amekosa uwazi kwa pikseli zisizozidi 6, msogeze pembeni pikseli 1 au 2 kwa kila hatua mpaka aingie. Kama ameshika kitufe cha upande mwingine, usimguse, maana hapo umeanza kumwendesha wewe. Mchezaji hatajua kwamba umemsaidia. Atadhani ana mkono mzuri, nami napenda aamini hivyo.

Ukitumia Godot

Godot ni injini ya bure, msimbo wake uko wazi, na ukishaishusha inafanya kazi bila intaneti, jambo kubwa kwa anayenunua megabaiti kwa kupima. Toleo la 4 lina CharacterBody2D, ambayo move_and_slide() yake inafanya sehemu kubwa ya haya niliyoeleza. Makosa manne nimeyaona kwa wenzangu, na yangu yakiwemo.

La kwanza, kuzidisha velocity (kasi) kwa delta (muda wa hatua) kabla ya kuita move_and_slide(). Inajizidishia yenyewe, ukirudia mchezaji atatambaa. La pili, kuiita ndani ya _process, inayofuata fremu za picha, badala ya _physics_process, yenye hatua ya kudumu, na kurudi kwenye matatizo ya betri. La tatu, kuacha motion_mode kwenye hali ya gemu za kuruka wakati gemu yako inaonekana kutoka juu, weka MOTION_MODE_FLOATING. Katika hali hiyo kuna wall_min_slide_angle, ambayo huanza na nyuzi 15: anayeugonga ukuta karibu uso kwa uso anasimama badala ya kuteleza. Ukitaka ateleze daima, weka sifuri.

La nne ni la siri zaidi. Unaweka kasi yako kwenye kigezo chako mwenyewe, unaiongeza kila fremu mchezaji anaposhika kitufe, kisha unaimimina kwenye velocity. Mchezaji anasukuma ukuta kwa sekunde tatu. Velocity inakatwa kila mara, lakini kigezo chako kinaendelea kunenepa gizani. Ukuta unapoisha, chukudu inafyatuka kama jiwe la manati. Baada ya move_and_slide() soma velocity iliyobaki na uanzie hapo.

Kilichochukuliwa kisikike

Ile namba ya hatua ya 4, yaani ile -60, usiitupe baada ya kuitoa kwenye kasi. Ndiyo kipimo cha jinsi mchezaji alivyogonga. Nimeitumia kwa sauti, bila alama yake ya hasi: chini ya 20 hakuna kitu, kati ya 20 na 150 ni mkwaruzo wa mbao kwenye jiwe, zaidi ya hapo ni kishindo na vumbi jeusi linaruka, gunia la juu linayumba. Sauti ya mkwaruzo niliirekodi kwa simu, kwa kuburuta kipande cha mkaratusi kwenye ukuta wa nyumbani. Ianzishe mara moja pale mgongano unapoanza, kisha iache iendelee mwendo wa pembeni unapoendelea. Ukiianzisha upya kila hatua, mara 60 kwa sekunde, utasikia mngurumo wa jenereta.

Mdogo wangu alipoishika tena kompyuta, alibonyeza kulia na chini, chukudu ikagusa ukuta, ikakwaruza, ikaendelea kushuka. Aliinamisha bega lake la kulia bila kujua, kana kwamba jiwe limemgusa yeye.